DBAN, ShredOS, Parted Magic au amri za Linux: ipi ikusafishie diski kabla hujauza kompyuta?

Swali huja hivi: "Fundi, laptopu nimeshaifomati, naweza kuiuza?" Nami hujibu kwa swali: ndani kuna diski gani? Wengi hawajui, na hapo ndipo uchaguzi wote unapoanzia.

Kufomati kwa haraka diski ya sahani (HDD, ile yenye sahani zinazozunguka ndani) ni kung'oa kibao cha duka huku mali ikiwa bado rafuni. Windows inaambiwa hapa hakuna kitu, lakini picha, mikataba na nakala za vitambulisho zimekaa palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Programu ya bure kama PhotoRec inazirudisha usiku mmoja, na haihitaji mtaalamu. Mwaka 2003 watafiti wawili wa MIT, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walichapisha walichokikuta baada ya kununua diski 158 zilizokwisha kutumika. Zilizosomeka zilikuwa 129. Zilizosafishwa sawasawa kati ya hizo: 12. Wala si kosa la watu wa majumbani tu. Mwaka 2022 benki ya Morgan Stanley ilikubali kulipa faini ya dola milioni 35 Marekani, na kiini cha kesi kilikuwa diski na seva za zamani ambazo kazi ya kuziondoa ilipewa kampuni ya kuhamisha mizigo, isiyo na uzoefu wowote wa kuharibu data.

Kwa hiyo tunazungumzia mifumo inayowaka yenyewe kutoka kwenye flashi au CD, bila kuitegemea Windows iliyomo ndani, kisha inasafisha diski nzima. Lazima iwe hivyo kwa sababu Windows haiwezi kujifuta ikiwa imekalia diski hiyohiyo. Nitaweka njia nne mezani.

Vigezo kwanza

*Aina ya diski.* Diski ya sahani huandikwa pale unapoiambia iandike. Ukijaza sifuri kutoka mwanzo hadi mwisho, data ya zamani imefunikwa. SSD, diski isiyo na sahani bali chipu za kumbukumbu, haiko hivyo. Ndani yake kuna kontrola, yaani chipu inayoiongoza diski, inayohamisha maandishi huku na huko ili chembe zisichoke, na kuna akiba ya nafasi ambayo kompyuta haioni kabisa. Unaweza kuijaza SSD sifuri mpaka juu na bado vipande vya zamani vikabaki kwenye akiba hiyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walilipima jambo hili mwaka 2011: kuandika juu ya SSD nzima mara mbili mara nyingi kulitosha, lakini si kila mara. Dawa ya SSD ni kumwamuru kontrola mwenyewe afute, kwa amri iliyojengwa ndani ya diski. Ila watafiti haohao walikuta diski iliyosema imefuta ilhali haijafuta, kwa hiyo kuhakiki ni sehemu ya kazi.

*Kuwaka.* Kompyuta za zamani hutumia BIOS, programu ndogo inayoiamsha mashine kabla ya Windows. Za sasa hutumia UEFI, mrithi wake, nyingi zikiwa na kufuli la Secure Boot linalokataa mifumo isiyo na saini. Chombo kizuri kisichowaka kwenye mashine yako hakikusaidii.

*Ushahidi.* Kwa laptopu yako binafsi, ukihakiki mwenyewe inatosha. Kwa ofisi, zahanati au shule, utahitaji karatasi yenye namba ya diski, njia iliyotumika na tarehe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 zinamwekea anayeshika taarifa za watu wajibu wa kuzilinda, na kuuza kompyuta hakumwondolei wajibu huo.

*Muda na umeme.* Diski ya sahani ya TB 1 inayoandika wastani wa MB 120 kwa sekunde inachukua saa mbili na dakika ishirini hivi kwa raundi moja, yaani kuiandika yote mara moja. Ukiiunganisha kwa USB 2.0 ya zamani, inavuka saa nane. Kwa anayeishi na umeme wa kukatika, hicho si kigezo kidogo.

*Kuteleza.* Ni rahisi kiasi gani kufuta diski isiyokusudiwa? Hapa hakuna kapu la takataka la kurudia.

Idadi ya raundi sikuiweka kwenye vigezo, na nimefanya hivyo makusudi. Watu hupenda kuniambia, "Nipige zile thelathini na tano." Zilitoka kwa Peter Gutmann, aliyeandika mwaka 1996 kuhusu teknolojia mbalimbali za usimbaji wa diski za enzi hizo, raundi 35 zilikuwa jumla ya kuzigusa zote, wakati diski yako inatumia moja tu, na yaelekea haimo hata kwenye orodha ile. Gutmann mwenyewe baadaye alilalamika kwamba watu wamezigeuza raundi zake kuwa kama uganga. Mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, SP 800-88 toleo la 2014, ulisema kwa diski ya sahani raundi moja kwa kawaida inatosha. Raundi 35 kwenye TB 1 ni zaidi ya siku tatu mfululizo, na mwisho wake unapata kile ulichokwisha kukipata siku ya kwanza, pamoja na bili.

DBAN

Jina lake kamili ni Darik's Boot and Nuke, kazi ya Darik Horn. Kwa miaka mingi ukisema "futa diski" fundi yeyote alielewa DBAN. Mwaka 2012 ilinunuliwa na Blancco, kampuni iliyoanzia Finland, na toleo la mwisho, 2.3.0, lilitoka 2015. Tangu hapo imelala.

*Diski:* Ya sahani tu. SSD ya SATA (inayounganishwa kwa waya au tundu lilelile la diski za sahani) itaonekana na itaandikwa juu, lakini kwa sababu nilizotaja hilo si kusafisha kwa uhakika. NVMe, SSD za kisasa zaidi zenye njia yao ya kuunganishwa, haizioni kabisa.

*Kuwaka:* BIOS ya zamani pekee. Kwenye mashine ya UEFI lazima uwashe hali ya zamani (Legacy) katika mipangilio, na laptopu nyingi mpya zimeiondoa hali hiyo.

*Ushahidi:* Haitoi cheti. Blancco wenyewe wanaielekeza kwa matumizi binafsi, na anayetaka cheti wanamwelekeza kwenye bidhaa yao ya kulipia.

*Muda na umeme:* Kasi ni ya diski yenyewe. Chaguo lake la kawaida ni raundi tatu, hivyo zidisha hesabu ya hapo juu kwa tatu, au bonyeza M uchague moja. Umeme ukikatika unaanza upya.

*Kuteleza:* Hapa nina kovu. Ukiandika neno `autonuke` mwanzoni, DBAN inafuta kila diski inayoiona, bila kuuliza, hata flashi uliyowashia. Miaka iliyopita mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliniletea kompyuta ya mezani niisafishe. Nikaandika autonuke, nikaenda kula. Aliporudi jioni akauliza, "Na ile diski ndogo ya hesabu za duka umeshaitoa, fundi?" Ilikuwa imefungwa nyuma ya kava la mbele, sikuifungua hata skrubu. Tangu siku ile natumia hali ya kuchagua: Enter, kisha nafasi juu ya diski moja moja, kisha F10.

*Anayefaa:* Mwenye mashine nzee, diski ya sahani, na picha ya mfumo isiyofika MB 20 ambayo hata intaneti dhaifu inaishusha. Kwenye maabara ya shule yenye kompyuta za 2008, bado inafanya kazi yake vizuri.

ShredOS

Ndani ya DBAN kulikuwa na programu iitwayo dwipe. Andy Beverley aliichukua akaitoa kama nwipe ili itumike kwenye Linux yoyote, na ShredOS ni mfumo mdogo unaowaka moja kwa moja ndani ya nwipe. Aliyeizoea DBAN hatapotea: kioo ni kilekile karibu, nafasi ya kuchagua diski, M ya njia, V ya kuhakiki. Kuanza ni Shift na S, na herufi ikiwa ndogo haikubali. Nadhani hilo limeokoa watu.

*Diski:* Za sahani, SSD za SATA, NVMe, hata za USB, zote inaziona. Lakini kuona si kusafisha. Kazi ya msingi ya nwipe ni kuandika juu, hivyo kwa SSD ina udhaifu uleule wa akiba iliyofichika. Faida ni kwamba hdparm, programu ya kutuma amri kwa diski, imo ndani: bonyeza Alt na F2 upate terminali, kioo cha kuandikia amri, utoe amri ya kontrola mwenyewe. Pia inakuonya kama diski ina eneo lililofichwa na mtengenezaji, jambo ambalo DBAN hailisemi.

*Kuwaka:* BIOS na UEFI, biti 32 na 64. Secure Boot uizime kwanza. Kama laptopu ina NVMe na haionekani kwenye orodha, ingia kwenye mipangilio utoe hali ya RAID au Intel RST, uweke AHCI. Windows iliyomo itakataa kuwaka baada ya hapo, lakini si unaifuta?

*Ushahidi:* Hapa ndipo inapowapita wengi wa bure. Matoleo ya sasa yanatoa cheti cha PDF kwa kila diski, chenye namba yake ya kiwandani, njia na matokeo, na kinahifadhiwa kwenye flashi. Adapta nyingine za USB huficha namba ya diski, kwa hiyo ukitaka cheti safi iunganishe kwa SATA.

*Muda na umeme:* Inafuta diski nyingi kwa pamoja na kuonyesha muda uliobaki na joto la kila moja. Nne zikienda sambamba zinamaliza karibu sawa na moja. Umeme ukienda, unaanza upya.

*Kuteleza:* Wastani. Unachagua kwa mkono, na modeli na namba za diski ziko mbele ya macho yako.

*Anayefaa:* Ofisi ndogo, karakana, na yeyote mwenye rundo la diski za sahani. Inaweza pia kuwashwa kupitia mtandao, kwa mashine zisizo na nafasi ya kupitisha flashi kila mara. Ni ya bure.

Parted Magic

Ni mfumo kamili wa Linux wenye madirisha na panya, wa kulipia tangu 2013. Ndani kuna vifaa vya kugawa diski, kunakili, kuokoa data, na sehemu ya kufuta.

*Diski:* Zote, na kwa SSD ndiko inakong'ara. Inatuma amri ya Secure Erase kwa SATA na amri zinazolingana kwa NVMe, kwa kubonyeza tu. Nwipe pia imo, kwa za sahani.

*Kuwaka:* BIOS na UEFI.

*Ushahidi:* Hutoa kumbukumbu ya kazi unayoweza kuihifadhi.

*Muda na umeme:* SSD nyingi humaliza ndani ya sekunde au dakika chache, maana kontrola hufuta vitalu bila kuandika kimoja kimoja. Diski ya sahani ikipewa amri hiyohiyo inachukua saa zake zilezile.

*Kuteleza:* Ndogo kuliko zote. Mara nyingi kompyuta inapowaka hufunga diski isikubali amri ya kufuta, kama ulinzi dhidi ya virusi. Parted Magic inaligundua hilo na kukupa kitufe cha kulaza mashine na kuiamsha, kisha kufuli linaachia.

*Anayefaa:* Fundi anayepokea laptopu za SSD kila wiki na hataki kuandika amri. Kikwazo kwetu ni malipo: utahitaji kadi, japo kadi za mtandaoni za pesa za simu zimelegeza hilo. Kwa laptopu moja kwa mwaka, sioni sababu ya kulipa.

Amri za Linux kutoka flashi ya kawaida

Chukua Ubuntu au SystemRescue, iwashe kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha, fungua terminali. Kwenye Ubuntu tanguliza `sudo` kabla ya kila amri. Anza na:

`lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL`

Linganisha namba na ile iliyobandikwa kwenye diski yenyewe. Kwa SSD ya SATA, `hdparm -I /dev/sdb` itakuonyesha hali yake. Ukiona "frozen" bila "not" mbele yake, laza mashine kisha uiamshe. Halafu:

`hdparm --user-master u --security-set-pass siri /dev/sdb`
`hdparm --user-master u --security-erase siri /dev/sdb`

Kwa NVMe ni mstari mmoja:

`nvme format /dev/nvme0n1 --ses=1`

*Diski:* Zote, kila moja kwa amri inayoifaa.

*Kuwaka:* Ubuntu ina saini, kwa hiyo inawaka hata Secure Boot ikiwa imewashwa. Kwa laptopu ya ofisi ambayo mipangilio yake imefungwa kwa nenosiri, huenda hii ndiyo njia pekee kati ya hizi nne, ilimradi iruhusu kuwashwa kwa flashi.

*Ushahidi:* Unaoutengeneza mwenyewe. Nakili matokeo ya terminali, piga picha kioo.

*Muda na umeme:* Kama Parted Magic, maana amri ni zilezile. Ila sikiliza hili vizuri: umeme ukikatika katikati ya amri ya hdparm, diski hubaki imefungwa kwa nenosiri uliloweka. Haijafa. Rudia amri ya kufuta kwa nenosiri lilelile. Ndiyo maana naandika "siri" kila mara, sibuni jipya. Mwingine alibuni, akasahau, akaniletea diski ambayo haikubali chochote. Na usitume amri hii kupitia adapta ya USB. Baadhi yake huiharibu diski kabisa.

*Kuteleza:* Kubwa kuliko zote. Kati ya `sdb` na `sda` kuna herufi moja tu, na hakuna dirisha la kukuuliza kama una uhakika.

*Anayefaa:* Aliyezoea terminali, au mwenye laptopu moja ya kisasa asiyetaka kulipia chochote.

Kabla hujashusha chochote

Washa mashine uingie kwenye mipangilio ya BIOS. Dell nyingi za kiofisi zina kipengele cha Data Wipe, na HP za kiofisi zina Secure Erase. Zinatuma amri ileile kwa diski bila flashi wala intaneti. Nashangaa jinsi kipengele hiki kinavyosahaulika.

Na baada ya kufuta kwa njia yoyote, hakiki. Kwenye terminali, `head -c 4096 /dev/sdb | hexdump -C` ikitoa sifuri tupu ni dalili njema, lakini inaonyesha mwanzo tu. Mimi huiachia PhotoRec ipite diski nzima. Isipotoa faili hata moja, naridhika.

Kwa hali yako

Kompyuta ya mezani ya zamani, diski ya sahani, inakwenda kwa mtoto wa jirani: DBAN au ShredOS, raundi moja, basi. Kama umeme wa mtaa hautabiriki, hamishia diski kwenye laptopu yenye betri nzima kwa adapta ya USB 3.0, kwa kuandika juu, USB haina neno. Chomoa vya kwako vyote kwanza, na iwe ShredOS badala ya DBAN, kwa sababu unahitaji kuchagua diski kwa jina.

Laptopu yako ya SSD unayoiuza Kariakoo au Luthuli: kipengele cha BIOS kama kipo, la sivyo amri za Linux. Terminali ikikutisha na fundi wako ana Parted Magic, mpe, ukae pembeni umwangalie akifanya.

Zahanati, chama cha akiba na mikopo au shule yenye kompyuta thelathini: ShredOS kwa za sahani, vyeti vikiwekwa kwenye faili moja pamoja na orodha ya mali. SSD zilizochanganyika humo zitenge zipewe amri yao wenyewe, na kila moja iandikiwe fomu kwa mkono.

Diski inayogonga au isiyoonekana kabisa: hakuna kati ya hizi nne itakayoisaidia, kwa sababu programu haifuti kisichojibu. Ya sahani toboa kwa drili katikati ya sahani, ukiwa umevaa miwani, maana sahani za diski nyingi za laptopu ni za kioo na hupasuka vipande. SSD fungua kava uvunje kila chipu nyeusi moja moja. Sumaku haina kazi hapo. Usichome moto. Mabaki peleka kwa wanaochakata taka za elektroniki, kama WEEE Centre kwa walio Nairobi.

Na kompyuta ya mezani ya mteja, ya aina yoyote: skrubu za kava la mbele kwanza, flashi baadaye.